Mcheza kwao hutuzwa: jinsi ya kuandaa tuzo za urithi katika mji wa pwani

Kwenye taarabu, anayetuza huinuka kitini, akasogea mpaka alipo mwimbaji, akampa pesa mkononi wimbo ukiwa bado unaimbwa. Hakuna anayetuza ngoma aliyosimuliwa. Tuzo za urithi huharibika pale zinapoacha desturi hii: majaji wanakaa ofisini na karatasi, anachaguliwa mwenye cheo au marehemu mwenye jina kubwa, na fundi aliyeko juu ya ngazi na ndoo yake ya chokaa hapati hata salamu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: anayetoa alama awe ameiona kazi kwa macho yake, mwenye kazi akiwa hai na akiwa kazini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kikundi cha watu sita hadi kumi katika mji kama Pangani, Bagamoyo, Kilwa Kivinje au Mikindani. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Walioko Zanzibar na Kenya wana sheria na ofisi zao, lakini namna ya kufanya kazi ni ileile.

Mnatuza nini

Mwaka wa kwanza msizidishe vipengele vinne. Mji mdogo ukitangaza vipengele kumi, vitatu vitakosa mshindani na kimoja atapewa mtu ili mradi kijazwe, na watu wataliona hilo siku ileile. Vinne vinavyofaa ni utunzaji wa jengo au mahali (nyumba ya mawe, msikiti, kisima, makaburi), ufundi wa mkono (nakshi, uundaji wa mashua na ngalawa, ususi wa ukili), ukusanyaji wa kumbukumbu (simulizi, picha, barua na vitabu vya khati ya Kiarabu), na kurithisha, yaani mtu anayefundisha wengine: mwalimu, mkuu wa kikundi cha ngoma, kungwi, nahodha. Tuzo ya vijana iacheni mwaka wa pili, mkishajua vijana wenyewe wako wapi.

Msiweke kipengele cha "mtu mashuhuri". Hicho hugeuka uwanja wa siasa kabla fomu hazijaisha kusambazwa.

Andikeni masharti mawili na myabandike kwenye mbao za matangazo. La kwanza, kazi iwe inaendelea au imefanyika ndani ya miaka 5 iliyopita. La pili, mwenye kazi awe hai. Hili la pili litaleta manung'uniko, lakini lina sababu: hakuna jaji atakayempa marehemu alama ndogo mbele ya watoto wake. Waliotangulia waombewe dua siku ya tuzo na majina yao yasomwe, wasishindanishwe.

Mipaka nayo iwe wazi: kata moja, au kata mbili tatu zilizopakana. Wenyeji waliohamia Dar es Salaam, Unguja au Muscat waruhusiwe kupendekeza na kuchangia, ila kazi yenyewe iwe ndani ya mpaka. Msiwasahau watu hawa, kwa sababu picha nyingi za zamani za mji ziko kwenye masanduku yao.

Ruhusa, fedha na kalenda

Mtu wa kwanza kumwona ni Afisa Utamaduni wa halmashauri. Atawaeleza namna ya kusajili kikundi na kama shughuli yenu inahitaji kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Barua nyingine zipelekwe kwa Mtendaji wa Kata na kituo cha polisi. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na watatu hao wasitoke ukoo mmoja.

Katika kila shilingi 100 mtakayopata, tengeni 40 kwa zawadi, 25 kwa ziara na uhakiki, 15 kwa kuhifadhi majalada na 20 kwa siku ya tuzo. Kosa la kawaida ni kugeuza hesabu hii: hema, viti, spika na fulana vinameza karibu fedha zote, majaji wanakosa nauli ya bodaboda, basi wanaamua kwa kusikia.

Tarehe nzuri ni 7 Julai. Ni Sabasaba, watu wako nyumbani. Ni Siku ya Kiswahili Duniani. Na masika yameshapita. Siku ya Kimataifa ya Minara ya Kumbukumbu na Maeneo ya Kihistoria, 18 Aprili, inavutia kwa maana yake, lakini kwa pwani yetu inaangukia katikati ya mvua. Mkishika Julai, kikundi kianze kukutana Novemba. Mapendekezo yafunguliwe Januari na kufungwa mwisho wa Februari, uhakiki wa majina ufanyike Machi, ziara zianze Aprili na kumalizika katikati ya Juni. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana msiinakili tu. Mikutano inayowahusu wavuvi ipangeni siku za mbalamwezi, wakati wanaovua kwa taa hawatoki baharini.

Kupata mapendekezo

Fomu iwe ukurasa mmoja, maswali sita:

1. Unampendekeza nani, na anapatikana wapi?
2. Anafanya kazi gani? Eleza kama unamweleza mgeni.
3. Ameifanya tangu lini, na mara ya mwisho ulimwona akiifanya lini?
4. Nani mwingine anaweza kuthibitisha? Taja watu wawili wasio ndugu zake.
5. Kuna anayejifunza kwake?
6. Je, mwenyewe anajua kwamba unampendekeza, na amekubali?

Swali la tatu ndilo linalochuja. Anayejibu "miaka mingi" tu huwa hajaiona kazi. Anayejibu "juzi, alikuwa akitia kalafati kwenye dau la jirani" (yaani akiziba nyufa za mbao) ameiona.

Wazee wengi hawatajaza fomu. Pokeeni sauti kwa WhatsApp, na mteue vijana wanne wa kuandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, kisha kumsomea. Fomu na waandishi hao wapelekwe mahali watu wanapokaa: kwa muuza kahawa, mnadani pa samaki, madrasa, kanisani, saluni. Mkiishia barazani kwa muuza kahawa mtapata majina ya wanaume watupu, kwa sababu ndio wakaao pale. Kazi za wanawake (ukili, mapishi ya shughuli, nyimbo za ngoma, malezi ya wari) zinajulikana kwenye vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) na kwa makungwi. Mwisho wa Januari hesabuni: kama waliopendekezwa wanawake hawafiki theluthi, rudini huko mara ya pili badala ya kuongeza matangazo.

Jambo moja lahitaji adabu. Yapo mafunzo ya unyago na ya uganga ambayo si ya hadhara. Mwenye nayo anaweza kutuzwa kwa kufundisha bila kuonyesha anachofundisha. Majaji waende kwa wanafunzi wake wakaulize kama wamefunzwa vyema, wasidai kuona. Kumlazimisha kuonyesha ni kumnyang'anya kitu kilekile mnachodai kukienzi.

Majaji

Watano wanatosha. Mmoja awe fundi wa chokaa au seremala, mmoja mwalimu wa historia, mmoja mzee anayeheshimika na pande zote za mji, mmoja chini ya miaka 35, na mmoja atoke nje ya mji kabisa. Wawili kati yao, angalau, wawe wanawake. Diwani, mwenyekiti wa mtaa na mfadhili wasiwe majaji, hata kama ni waadilifu, kwa sababu wataombwa mambo na watashindwa kukataa.

Mji mdogo wote ni ndugu, kwa hiyo sharti la "jaji asiwe na uhusiano na mshindani" halitekelezeki. Badala yake, kila jaji aandike kabla ya ziara nani ni mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, binamu, mke, mume, mkwe, mwajiri au mdai wake. Kwa watu hao hatoi alama, na anatoka chumbani wanapojadiliwa. Wastani unapigwa kwa waliobaki. Kama waliobaki ni chini ya watatu, aitwe jaji wa akiba. Teueni majaji wawili wa akiba mapema.

Ziara

Hapa ndipo tuzo inapopatikana au kupotea. Kila mshindani atembelewe na majaji wasiopungua watatu, kwa saa moja na nusu, na mmoja wao akiwa na ujuzi wa kazi ile. Mtu apewe taarifa siku tatu kabla. Asiandae chakula; semeni hivyo wazi, maana ukarimu wetu utamtia gharama na kuwatia majaji deni.

Majengo yatembelewe Aprili, mvua ikinyesha. Ukuta wa matumbawe uliopakwa rangi mpya Januari hupendeza kuliko wote, lakini masika ndiyo yatakayoonyesha maji yanapita wapi. Kosa linalorudiwa mji hadi mji ni saruji. Kuta za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia plasta. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu unafungiwa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inavimba na kubanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya jiwe. Jaji agongegonge ukuta kwa vidole: panapotoa sauti ya kitu kitupu, plasta imeachana na ukuta. Akwaruze mahali pasipoonekana kwa msumari, kwa idhini ya mwenye nyumba: chokaa inakwaruzika na ni nyeupe, saruji ni ya kijivu na inagoma. Amuulize fundi alichanganya vipi. Jibu la kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, chokaa ikiwa imelowekwa kwa wiki kadhaa kabla, plasta ikapigwa kwa matabaka membamba na kumwagiwa maji ili isikauke haraka. Akitumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha amejiletea chumvi mwenyewe.

Kisha atazame juu. Boriti za mikoko huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali ambapo rangi haionyeshi kitu. Bisibisi ikizama kwenye ncha ya boriti bila nguvu, paa lile halijatunzwa, limepakwa tu. Milango ya nakshi ina mtego wake: aliyeipiga msasa na vanishi ing'aayo ameikwangua nakshi. Afadhali mlango mkavu wenye nyufa ndogo ambao mfaa (mbao ya katikati) na kizingiti chake ni vya asili.

Kwa upande wa ufundi wa mkono, mwombeni mtu afanye, asieleze. Muunda mashua awaonyeshe hatua moja mwanzo hadi mwisho, kwa mfano kutia kalafati kwenye kiungo cha mbao mbili. Msusi asuke shubiri moja ya ukili. Ulizeni malighafi zake anazipata wapi: kama miyaa au mbao haipatikani tena, andikeni, kwa sababu huo ndio msaada atakaouhitaji kuliko cheti. Swali bora kuliko yote ni hili: "Ni kosa gani mwanafunzi wako hulifanya kwanza?" Fundi wa kweli analijibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kwenye kumbukumbu, sikilizeni rekodi yenyewe dakika kumi, sehemu tatu tofauti. Je, mwanzo wake unataja nani anazungumza, wapi na tarehe gani? Je, msimulizi aliruhusu? Faili liko sehemu moja tu, kwenye simu ya mtu, au kuna nakala? Maandishi yake yalinganishwe na sauti. Wengi husahihisha lahaja bila kujua kwamba wanaifuta: mzee kasema kwa Kimtang'ata au Kimrima, karatasi inasoma Kiswahili cha darasani. Anayeandika neno kama lilivyotamkwa, na maana yake pembeni, apewe alama zaidi. Kwa vitabu vya khati, anayevitia plastiki ya moto kwa nia njema anaviua, maana haibanduki tena bila kuchana karatasi. Gundi ya utepe nayo huacha doa la manjano lisilotoka.

Kila ziara ibaki na picha nne zisizopungua: kazi nzima, kazi kwa karibu, sehemu moja yenye rula pembeni kuonyesha ukubwa, na mikono ya mtu ikifanya kazi. Majina ya waliomo pichani yaandikwe siku hiyohiyo, kutoka kushoto kwenda kulia.

Tahadhari ya sheria. Mtu anaweza kupendekezwa kwa sababu "amefukua" sarafu au vigae kwenye magofu. Kuchimba bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na kitu kilichochomolewa ardhini bila kuandikwa kilikaa wapi na pamoja na nini kimepoteza nusu ya habari zake. Tuzeni anayetoa taarifa, kamwe si anayechimba. Sheria hiyohiyo inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940, kwa hiyo mshindani anayenunua milango na kuisafirisha haitunzi, hata awe na stoo safi kiasi gani. Na kwenye matangazo msielekeze watu kwa usahihi mahali penye vitu vinavyobebeka.

Alama

Gawanyeni alama 100 hivi: ubora na usahihi wa kazi 35, kurithisha 25, uendelevu 20, ruhusa na faida kwa wenyeji 20. Kila jaji aandike alama zake peke yake, kwa kalamu, kabla ya kutoka eneo la ziara. Mkirudi nyumbani mkala kwanza, sauti ya mkubwa itakuwa imeshaamua. Alama za majaji wawili zikipishana kwa zaidi ya 20, wakae waelezane kila mmoja aliona nini. Aliyebadilisha alama aandike sababu. Wawili wakilingana, ashinde mwenye alama kubwa kwenye kurithisha. Na kama hakuna aliyefikisha 60 kwenye kipengele, kisitolewe mwaka huo. Inahitaji moyo, ila kutotoa mara moja huipa tuzo heshima ya miaka kumi.

Zawadi na kibao

Cheti chenye kioo ukutani pwani hupata ukungu ndani ya mwaka. Kitoeni, lakini zawadi yenyewe iwe kitu kinachorudi kazini: patasi za daraja la juu kwa mchonga nakshi, shehena ya chokaa kwa mwenye nyumba, kinasa sauti na diski kwa mkusanya simulizi, ada ya wanafunzi wawili kwa fundi anayefundisha. Ulizeni mshindi au mwanawe kwa siri anahitaji nini. Fedha taslimu zikitolewa, zitumwe kwenye akaunti au simu yake asubuhi ya siku ya tuzo, kabla hajapanda jukwaani. Hundi kubwa ya kadibodi inayofuatiwa na miezi minne ya "njoo kesho" imeshaua tuzo nyingi.

Kibao cha ukutani kisizidi maneno 40. Kisomwe na watu watatu kabla ya kuchongwa, mmoja wao akiwa wa familia, kwa maana jina lililokosewa kwenye jiwe halifutiki. Kifungwe kwa skrubu za shaba, kwenye kiungo cha chokaa kati ya jiwe na jiwe. Msumari wa chuma hushika kutu, ukavimba na kulipasua tumbawe. Jengo likiwa limehifadhiwa kisheria, ombeni kibali cha idara ya Mambo ya Kale kwanza.

Mfadhili asaini karatasi yenye mambo manne: hachagui majaji, haoni alama, jina lake halitangulii jina la tuzo, na asiyetimiza ahadi yake siku 30 kabla jina lake linatolewa. Mwenye mpango wa kubomoa nyumba za zamani mjini asichukuliwe, hata akitoa gharama zote.

Siku yenyewe

Anzeni saa 10 na nusu, baada ya swala ya alasiri, mmalize saa 12 kamili. Mgeni rasmi dakika tano. Kila mshindi aongee kabla ya viongozi, akae mbele na wanafunzi wake, na pale inapowezekana afanye kazi yake uwanjani tangu saa 9 ili watu wapite waione. Walioshindwa watajwe pia kwa majina na kazi zao.

Jalada

Jalada la kila mshindani, aliyeshinda na aliyeshindwa, liwe na fomu, picha, rekodi, alama na karatasi ya ridhaa. Ridhaa ni sharti la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa asiyeandika inaweza kurekodiwa kwa sauti. Itaje wazi anachokubali: picha kuonyeshwa, sauti kusikika, mahali pa nyumba kutajwa au kutotajwa. Sauti zihifadhiwe katika WAV. Faili la kutumiana kwenye simu limeshabanwa na kupunguzwa. Majina ya faili yawe na mwaka, namba na jina, mfano 2026_07_ukili, bila nafasi wala herufi za ajabu. Nakala tatu: diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, moja mbali na bahari, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Karatasi zichapwe seti mbili, moja ya maktaba ya shule ya sekondari na moja ya ofisi ya Afisa Utamaduni. Alama za majaji zisiingie kwenye seti za umma.

Kila Januari, kabla ya kufungua mapendekezo mapya, mtu aliyepewa jukumu hilo kwa jina azifungue diski zote mbili, acheze faili tano tofauti, na aandike tarehe kwenye kifuniko. Diski yenye miaka 5 ibadilishwe hata kama inafanya kazi. Wiki hiyohiyo majaji wawili wapite kwa washindi wa mwaka uliopita: ukuta umekaa vipi, wanafunzi bado wapo, patasi bado zinatumika. Wanachokiona kiongezwe kwenye jalada lilelile, chini ya tarehe mpya.